Ufunguo wa mlango wa nyuma unalala kwa nani?

Januari ikifika, Igowole hupokea wageni wa aina mbili. Wapo wanaofuata kazi za chai na mbao, na wapo wanafunzi waliopangiwa shule mbali na kwao. Hawa wa pili hufika na godoro lililofungwa kamba, ndoo, sufuria mbili na mzazi anayetafuta chumba. Chumba kikipatikana, maongezi huwa mafupi. Kodi ni kiasi gani kwa mwezi, inalipwa ya miezi mingapi, umeme unachangiwaje, choo kiko wapi, na je, hapa wezi wapo?

Swali hilo la mwisho ndilo linalompa mwenye nyumba raha ya kujibu. Anampeleka mgeni dirishani, anazitikisa nondo kwa mkono, hazichezi. Anamwonyesha geti la mbele. Anamwonyesha mlango wa uani wenye komeo nene na kufuli juu yake. "Hapa mama ondoa shaka, hata paka hapiti." Mzazi anashukuru, analipa, anarudi kijijini na moyo mweupe.

Kama paka hapiti kuingia, mtoto atapitia wapi kutoka, nyumba ikiwaka saa nane za usiku?

Ni swali ambalo wazazi wa Iringa wangestahili kulizoea kuliko wengine. Agosti 2009, bweni la wasichana la Shule ya Sekondari Idodi, katika mkoa huu huu, liliungua usiku na wanafunzi 12 wakapoteza maisha. Mshumaa wa kujisomea ndio uliotajwa kuwa chanzo. Miaka 15 kabla yake, Juni 1994, Shauritanga kule Rombo ilizika wasichana zaidi ya 40. Nchini Kenya, Bombolulu ya Kwale mwaka 1998 na Kyanguli ya Machakos mwaka 2001 ziliacha hadithi inayofanana mno: watoto wengi, milango iliyofungwa, madirisha yenye vyuma. Kyanguli peke yake iliondoka na wavulana zaidi ya 60.

Baada ya misiba hiyo watu walizungumza sana kuhusu mabweni. Kenya ilitoa mwongozo wa usalama wa shule mwaka 2008, unaotaka madirisha ya bweni yasiwe na nondo na yafunguke kwa nje, milango nayo ifunguke kwa nje, na isifungwe kwa kufuli wanafunzi wakiwa ndani. Hayo ni mabweni. Lakini binti wa kidato cha tatu anayelala na wenzake wawili kwenye chumba cha kupanga, mwendo mfupi kutoka shuleni, analala bwenini vilevile, na hapo hakuna matroni wala mlinzi. Ufunguo wa mlango wa nyuma anao mtu mwingine.

Nyumba zenyewe zinajulikana. Korido katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, mlango wa mbele unaotazama barabara, mlango wa nyuma unaotokea uani kwenye choo na jiko. Kwenye karatasi ni nyumba nzuri kwa usalama wa moto, kwa sababu ina milango miwili, kila mmoja upande wake. Shida huanza saa nne za usiku. Mlango wa mbele unafungwa kwa kufuli na mpangaji wa mwisho kuingia, naye analala na ufunguo chini ya mto. Mlango wa nyuma umefungwa na mwenye nyumba, ambaye huenda anakaa nyumba ya tatu. Ndani ya korido kumeegeshwa bodaboda mbili zenye petroli kwenye matangi, maana zikilala nje haziamki. Pembeni kuna gunia la mkaa na, kwa bahati mbaya, wakati mwingine dumu la petroli ya kuuza rejareja.

Nyumba ya milango miwili sasa haina hata mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo mpangaji halioni kwa sababu liko juu ya kichwa chake. Nyumba nyingi za namna hii kuta za vyumba zinaishia kwenye dari. Juu ya dari, kutoka chumba cha kwanza hadi cha sita, ni uwazi mmoja chini ya bati. Mufindi ni nchi ya mbao, kwa hiyo dari nyingi ni mbao au ubao mwepesi, na kenchi zote ni msonobari uliokauka vizuri. Moto ukipanda kwenye dari la chumba kimoja, moshi husafiri juu kwa juu na kushuka vyumba vingine kabla wenyewe hawajasikia kelele. Aliyefunga mlango wake akidhani moto ni wa jirani anaweza kuwa amechelewa tayari.

Na moshi ndio unaotangulia kuua. Godoro la sponji likishika moto hutoa moshi mweusi wenye sumu, unaomlegeza mtu kabla ndimi za moto hazijamfikia. Chumba kidogo chenye godoro, nguo zilizotundikwa ukutani na pazia huwa hakikaliki kwa dakika chache tu. Hapo hakuna muda wa kuamsha mpangaji wa chumba namba tano aulizwe ufunguo ameuweka wapi. Hakuna pia muda wa kusubiri gari la zimamoto. Namba ya dharura ni 114, na ipigwe haraka, lakini gari likitoka Mafinga lina makumi ya kilomita za kutembea kabla ya kuifikia Igowole. Watakaookoa ni majirani wenye ndoo na shoka, nao watazikuta nondo zilezile zilizosifiwa siku ya kulipa kodi.

Basi sheria inasemaje kwa mtu anayepangisha? Wengi hudhani haisemi kitu, kwamba nyumba ni yake, amejenga kwa jasho lake, na asiyetaka apite. Sivyo kabisa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, inamwekea mpangishaji ahadi ambazo zinahesabika zimo kwenye makubaliano hata kama hakuna aliyeziandika. Anapopangisha nyumba au chumba cha kuishi, anahesabiwa ameahidi kwamba mahali hapo panafaa binadamu kuishi siku mpangaji anapoingia. Anapopangisha sehemu tu ya jengo, yaani chumba kimoja kati ya sita, paa, kuta kuu na njia zinazotumiwa na wote zinabaki kuwa mzigo wake kuzitunza. Korido ni njia ya wote. Mwenye nyumba hawezi kusema bodaboda zilizoziba korido ni mambo ya wapangaji wenyewe.

Sheria hiyohiyo inautaja moto kwa jina. Jengo likiharibiwa na moto, mafuriko au ajali nyingine isiyotokana na uzembe wa mpangaji, kiasi kwamba halikaliki lote au sehemu yake, kodi inasimama, yote au kwa kadiri ya uharibifu, hadi patengenezwe. Miezi sita ikipita bila matengenezo, mpangaji anaweza kutoa taarifa ya mwezi mmoja na kuondoka. Mzazi aliyelipa kodi ya mwaka mzima, na chumba kikaungua mwezi wa pili kwa hitilafu ya nyaya za nyumba, asikubali kuambiwa "hasara ni ya wote, mama". Wala asiogope kwa sababu hakuandikishiana. Makubaliano ya kupanga kwa muda usiozidi mwaka mmoja yanatambulika hata yakiwa ya mdomo, ingawa karatasi yenye sahihi mbili na shahidi mmoja hurahisisha mambo mbele ya baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Kwa mzazi mwenye busara, karatasi hiyo inaweza kubeba mstari mmoja zaidi: milango yote miwili itafunguka kwa ndani bila ufunguo wakati watu wamelala.

Upande wa moto wenyewe ipo Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Namba 14 ya mwaka 2007. Inalipa jeshi hilo mamlaka ya kukagua majengo kwa ajili ya tahadhari za moto na kutaka hatari iondolewe. Kwa kawaida askari wake wanaonekana kwenye hoteli, shule, kumbi na vituo vya mafuta. Nyumba ya vyumba sita pembeni ya barabara ya Igowole haina zamu hiyo, na mwenye nyumba anaweza kumaliza miaka 20 bila kumwona mkaguzi. Kutomwona mkaguzi si ruhusa. Na mtu anayegeuza stoo au fremu ya duka kuwa chumba cha kulala ajue kwamba kibali cha ujenzi alichopewa kilikuwa cha duka. Fremu ndiyo mbaya kuliko zote: kijana analala nyuma ya bidhaa, mlango ni mmoja, wa chuma, na unafungwa kwa nje na tajiri wake ili mali isiibwe. Kama kuna jambo moja kwenye makala haya ambalo mzazi hapaswi kulijadili kwa upole, ni mtoto kulala mahali anapofungiwa kwa nje. Hapo hakuna kodi nafuu.

Wenye nyumba nao wasikilizwe. Wizi upo. Aliyewahi kuvunjiwa usiku hawezi kuambiwa atoe nondo kwa sababu ya moto ambao hajauona, na kumwambia hivyo ni kupoteza muda. Anachoweza kuambiwa ni kwamba nondo na njia ya kutokea vinakaa pamoja, na fundi wa kuchomelea aliye barabarani anajua namna. Dirisha moja la kila chumba linawekewa nondo zenye bawaba upande mmoja na pini au komeo upande wa pili, zifunguke kama kijimlango. Madirisha mengine yabaki yalivyo. Anayetaka kipimo anaweza kuazima cha Uingereza, ambako dirisha la kutokea wakati wa moto hutakiwa kuwa na uwazi usiopungua sentimita 45 kwa upana na kwa kimo, na eneo lote lisipungue theluthi moja ya mita ya mraba. Kwa lugha ya fundi, ni sentimita 45 kwa 75. Chini ya dirisha pasizidi sentimita 110 kutoka sakafuni, la sivyo mtoto hafiki.

Litakuja swali: mwizi akivunja kioo si ataingiza mkono na kulifungua hilo komeo? Ataweza, kama limewekwa pale mkono unapofika. Komeo liwe chini kabisa au upande ulio mbali na kioo kinachofunguka. Wengine huona salama zaidi kutia kufuli, na ufunguo ukaning'inia kwenye msumari ukutani, mbali na mkono wa aliye nje, karibu na mkono wa aliye kitandani. Kwa mtaalamu wa moto kufuli yoyote ni balaa, kwa sababu gizani na kwenye moshi funguo huanguka. Hata hivyo ufunguo kwenye msumari unaojulikana na wote ni bora mara 100 kuliko ufunguo ulio nyumba ya tatu.

Mlango wa nyuma una dawa rahisi zaidi. Kufuli iondoke, yabaki makomeo mawili ya ndani, juu na chini. Mwizi wa nje hayafikii, na aliye ndani anayafungua kwa kupapasa. Gharama yake haifiki robo ya geti la mbele ambalo wenye nyumba wengi hulipaka rangi kila Desemba.

Lakini mlango huo ukifunguka unatokea wapi? Nyumba nyingi jiko la kuni limeegemezwa ukuta wa nyuma, limejengwa kwa mabanzi, hatua mbili tu kutoka mlangoni. Moto ukianzia jikoni, mlango wa nyuma umekufa, na ndiyo maana ule wa mbele lazima ufunguke pia. Anayejenga mwaka huu alisogeze jiko hatua kadhaa upande. Anayesubiri kujenga upya atoe walau kuni zilizorundikwa mlangoni.

Kisha kuna baridi. Mgeni wa Dar es Salaam akielezwa kuhusu Igowole ya Juni na Julai hudhani watu wanatia chumvi. Ukungu unashuka saa kumi jioni, na ikishuka barafu majani ya chai yanaungua kama yamemwagiwa maji ya moto. Mwanafunzi aliyekuja kutoka bonde la joto anapika ugali wake, anamaliza, na jiko la mkaa lingali na moto mzuri. Analiingiza ndani. Anaziba uwazi wa chini ya mlango kwa kanga ili joto lisitoke. Analala.

Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu hakohoi, hashtuki, anasikia usingizi tu na kichwa kizito. Wapo wasioamka, na nyumba haikuungua hata kidogo. Kifo cha namna hii hakihusiani na milango, ila kinamhusu mwenye nyumba kwa njia nyingine: tundu la hewa alilolisahau juu ya dirisha, au alilolijenga na wapangaji wakaliziba kwa gazeti. Katika Uingereza, tangu Oktoba 2015 mwenye nyumba analazimika kuweka king'ora cha moshi kila ghorofa, na king'ora cha gesi hiyo kwenye chumba chenye jiko au tanuri la kuni au makaa. Huku kwetu king'ora cha kaboni si kitu cha kuagiza duka la jirani. Blanketi la pili linapatikana sokoni, na kwa mzazi anayefunga mizigo ya mtoto wa Mufindi linatangulia sufuria ya pili.

Umeme nao una visa vyake. Soketi moja ya ukutani inabeba kirefusho cha waya, kirefusho kinabeba simu nne, redio, pasi na hita ya maji ya kuoga, na waya wenyewe umepitishwa chini ya godoro ili usikanyagwe. Mwenye nyumba aliyeunganisha vyumba vyote kwenye waya mmoja mwembamba kutoka kwenye mita, ili aokoe hela ya fundi, ndiye aliyeuwasha moto huo. Mpangaji kaongeza kiberiti tu.

Baki jambo gumu kuliko yote, nalo ni aibu. Mzazi ametoka mbali, amepokelewa vizuri, amewekewa kiti na chai ya maziwa. Mwenye nyumba ni mtu mzima, pengine mzee wa kanisa, na amekubali kupunguza kodi kidogo kwa ajili ya mtoto. Kuanza kumkagulia madirisha kunaonekana kama kumdharau. Kwa hiyo mzazi ananyamaza.

Haimlazimu kukagua. Anaweza kuomba. "Shikamoo baba, nashukuru kwa mapokezi. Huyu mwanangu nakuachia wewe sasa, wewe ndiye mzazi wake hapa. Nina ombi moja tu. Nionyeshe usiku akishtuka kuna moto atatokea wapi, nimfundishe kabla sijaondoka." Ni nadra mtu mzima kukasirishwa na ombi la namna hiyo. Mara nyingi yeye mwenyewe ataenda hadi mlango wa nyuma, ataishika kufuli, na atasimama kidogo akifikiri. Wapo watakaosema italetewa komeo wiki ijayo. Mzazi aulize gharama, na akiweza achangie na komeo lifungwe siku hiyohiyo, kabla ya gari la jioni. Atakayejibu kwamba kwake hapajawahi kuungua amejibu pia, na vyumba vingine vipo.

Na mzazi ambaye yeye ndiye mwenye nyumba asidhani haya ni ya wapangaji pekee. Watoto wake wanalala chini ya dari hilohilo.

Baada ya hapo yanabaki mazoezi, ambayo hayazidi robo saa. Godoro likishatandikwa, mtoto anazimiwa taa, anafumba macho na kutembea kwa kupapasa ukuta kutoka kitandani hadi mlangoni, akihesabu hatua. Kisha kutoka mlangoni hadi mlango wa mbele. Kisha hadi wa nyuma. Anarudia akitambaa, kwa sababu moshi hukaa juu na hewa ya kuvuta iko karibu na sakafu. Anafungua komeo la dirisha mwenyewe, bila kusaidiwa, na kupita. Anaonyeshwa mti au nguzo ya umeme ng'ambo ya barabara ambako yeye na wenzake watakutana na kuhesabiana, na kwamba akishatoka harudi ndani kufuata daftari, sare wala simu.

Majirani watacheka wakimwona mama mzima akimtoa mwanawe dirishani mchana kweupe. Waacheni wacheke. Wawili watatu kati yao jioni hiyo watajaribu madirisha yao.